Kulala Nje si Kosa la Jinai

Hotuba iliyotolewa Mosocho mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi



Katika mwaliko wenu mliandika kwamba mngependa tueleze juu ya uhusiano mwema kati ya polisi na watu wasio na makao. Hilo neno "mwema" itatubidi kuliweka kando kwanza. Tutazungumza juu ya uhusiano uliopo, na juu ya sababu inayofanya watu wanaodai katiba na haki wapaswe kutumia Jumamosi nzima kuwafikiria watu ambao wengi wao hata kura hawapigi, kwa kuwa hawana kitambulisho cha kuwawezesha kujiandikisha.

Tuna sababu nyingine ya kuja hapa, na ni afadhali tuitaje mapema kabla ya mtu mwingine kuitaja kwa minong'ono. Wiki tatu zilizopita wafanyabiashara wa soko walituletea barua wakitaka tuipige msasa wa kisheria. Barua inamwomba mkuu wa polisi afanye "usafi" kabla ya sikukuu: vijana wanaolala kwenye baraza za maduka na chini ya meza za soko waondolewe, pamoja na yule mama mwenye magunia na watoto wawili. Ina sahihi 34. Baadhi ya sahihi hizo ni za watu walioketi humu ukumbini, na wengine ni marafiki zetu. Hatukuja kuwaaibisha. Tulikuja kueleza kwa nini barua hiyo bado iko mfukoni mwetu.

Kwanza tuwatendee haki waliolalamika. Malalamiko yao si ya uongo. Mama auzaye ndizi hufika alfajiri akakuta mkojo mlangoni. Kufuli zimevunjwa. Kuku wameibiwa, na simu zimenyakuliwa jioni. Kijana aliyevuta gundi usiku kucha hana adabu ya kumpisha mzee njiani. Mwanaharakati anayesema kwamba haya yote ni porojo za wenye mali hajawahi kufungua duka. Sisi twasema kwamba wizi ni kosa, na mwizi ana jina lake, akamatwe mwizi. Lakini barua haikumtaja mwizi. Ilitaja watu wote walalao nje. Hapo ndipo sheria na sisi tunapoanza kuachana na barua.

Na tuitazame sheria yenyewe ilikotoka, maana ina ukoo mrefu. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Wazururaji, baada ya vita vya Napoleon, wakati ambapo askari walioachishwa kazi na wakulima waliokosa ardhi walijaa katika barabara za nchi ile. Sheria hiyo ilimfanya mtu kuwa mhalifu kwa kulala nje au kuomba. Haikuuliza amefanya nini. Iliuliza yeye ni nani na ana nini. Kutoka huko ilisafiri pamoja na bendera hadi makoloni. Hapa kwetu kanuni za kuwakamata wazururaji zilianza mwanzoni kabisa mwa utawala wa Mwingereza, kisha likafuata agizo la kipande la mwaka 1915, lililotekelezwa kikamilifu tangu mwaka 1919 na 1920. Wazee wetu walilivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Mwanamume Mwafrika aliyekutwa mjini bila kazi na bila kipande hakuwa maskini tu; alikuwa mkosaji, naye alirudishwa "rizavu" au akapelekwa kwa bwana shamba aliyehitaji mikono. Mwaka 1949, jijini Nairobi, ikaongezwa sheria nyingine ya watu "wasiotaka kazi kwa hiari yao". Hebu lifikirieni jina hilo. Mtu amenyang'anywa shamba, ametozwa kodi ya kichwa, ametembea hadi mjini kutafuta shilingi ya kuilipa, kisha anaambiwa amekataa kazi kwa hiari.

Uhuru ulipokuja, wimbo ulibadilika na sheria ikabaki. Sheria ya Uzururaji, Sura ya 58 ya Sheria za Kenya, ilimruhusu polisi kumkamata bila hati mtu yeyote aliyeonekana hana kazi, hana njia halali ya kujikimu na hana makao maalumu. Hakimu aliweza kuamuru azuiliwe, au arudishwe katika wilaya iliyodhaniwa kuwa yake. Kwa miaka zaidi ya 30 Serikali huru ilitumia sheria ya mkoloni dhidi ya watoto wa wale waliopigania uhuru. Katika enzi za chama kimoja sheria hiyo ilikuwa na kazi ya pili, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wa mageuzi: ilikuwa rahisi kuitumia kwa kijana yeyote asiyetakikana mjini, awe ameomba sarafu au amegawa karatasi za mkutano.

Mwaka 1997 wengi wenu mlikuwa barabarani. Sisi tulikuwa bado shuleni, tukisoma magazeti yaliyofunika madaftari. Tunakumbuka Saba Saba ya mwaka huo, polisi walipowafuata waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, na kuwapiga humo humo. Mwishoni mwa mwaka, baada ya mazungumzo ya wabunge wa vyama vyote yaliyojulikana kama IPPG, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria nyingi za ukandamizaji. Watu husifu kwamba leseni za mikutano ziliondolewa na mamlaka ya machifu yakapunguzwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika furushi hilo hilo Sheria ya Uzururaji ilifutwa. Mapambano ya vyama vingi, pamoja na upungufu wake wote, yalimpa asiye na makao haki moja: kutokuwa na nyumba hakukuwa tena, kwa jina lake, kosa katika nchi ya Kenya.

Kwa hiyo barua iliyo mfukoni mwetu inaomba kirudishwe kitu ambacho baadhi ya waliotia sahihi walipigwa virungu ili kiondoke. Hatudhani walilifikiria hilo. Hata sisi tulihitaji kuisoma mara mbili.

Mtatuuliza: ikiwa sheria ilifutwa, mbona wanaendelea kukamatwa? Ni swali zuri, na jibu lake si la heshima. Sheria ilikufa, mazoea yakarithiwa. Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu watu wavivu na wenye fujo na kinachowagusa waombao hadharani, kiliachwa mahali pake mwaka 1997. Sheria ndogo za mabaraza ya miji nazo ziliachwa, na leo tuna za kaunti. Pale ambapo hakuna kifungu kinachotosha, huandikwa "kuvuruga amani" au "ulevi na fujo". Mtu aliyekuwa amelala fofofo kwenye katoni anashtakiwa kwamba alivuruga amani. Amani ya nani, saa tisa ya usiku, Mola ndiye ajuaye.

Na msako hupenda siku ya Ijumaa. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 49, inasema kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, afikishwe siku ya kazi inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa jioni hukaa seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa hata kidogo. Katika siku hizo mbili na nusu, mwenye ndugu mwenye pesa hutoka. Wasio na ndugu hubaki, na kwa kuwa asiye na makao karibu kila mara hana ndugu wa kumjia, yeye ndiye anayefika kizimbani. Mahabusu wa Jumatatu asubuhi ni wale walioshindwa kutoka Jumamosi.

Watu hawa si wachache. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na theluthi moja hivi walikuwa Nairobi. Wakiwekwa pamoja ni mji mzima usio na paa hata moja. Na jinsi dola ilivyowatendea kwa miaka mingi tunaijua. Mwezi wa Mei 1990, Nairobi, mtaa wa Muoroto ulibomolewa mbele ya askari wa jiji na polisi, na viongozi wa makanisa wakapaza sauti kwamba watu wameumizwa na kuuawa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Kibagare. Mwaka 1994 mvulana wa mitaani aliuawa kwa risasi za askari wa akiba wa polisi katika eneo la Ngara. Askari akashtakiwa kwa mauaji, na mahakama ikamwachilia huru. Mwaka 1997 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya polisi na watoto wa mitaani wa Kenya: vipigo, kuporwa vijisenti, kufungiwa pamoja na watu wazima. Na msidhani mambo hayo yalikwisha na karne. Mwezi wa Februari 2019 watoto na vijana zaidi ya 40 walikusanywa usiku mjini Nakuru, wakapakiwa katika magari na kumwagwa karibu na msitu katika Kaunti ya Baringo, kwenye baridi, bila chakula. Wakati huo katiba mpya ilikuwa na umri wa miaka minane na ushei.

Kuna tukio moja ambalo sisi wa Gusii tunapaswa kulikumbuka zaidi ya yote, ingawa halikutokea kwetu. Mnajua vita vya kikabila vya mwaka 1992, jinsi watu wetu wa mpakani, upande wa Borabu na upande wa Trans Mara, walivyokimbia na magodoro vichwani. Wengi wenu mliwapokea. Asiye na makao wa mwaka ule hakuitwa chokora, aliitwa binamu. Sasa, waliokimbia makwao upande wa Narok walikusanyika Maela, karibu na Naivasha, katika mahema. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1994 vyombo vya dola viliwavamia, vikawapakia katika malori watu wapatao 2,000, na kuwamwaga katika Mkoa wa Kati, mahali kama Thogoto na uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Mwanzoni mwa Januari wakatawanywa tena usiku kutoka huko. Watu hao walikuwa wakulima, wazazi, wazee wa kanisa. Mwaka mmoja walikuwa na hati za mashamba. Mwaka uliofuata walikuwa "uchafu" wa kusafishwa. Neno hilo "usafi" lina historia, na kila lilipotumiwa juu ya watu katika nchi hii, lori lilikuwa limeshawashwa moto.

Sasa tufike kwenye lile tulilolikwepa.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa bado wachanga katika uwakili, tuliandika barua kama hii. Mji hatutautaja, kituo cha polisi wala mahakama hatutavitaja, kwa kuwa tunataka mzigo ubaki kwetu. Wafanyabiashara walikuja ofisini, wakaeleza kero yao, nasi tukaandika kurasa mbili zilizonyooka, tukanukuu sheria ndogo, tukataja afya ya umma. Tulilipwa shilingi 3,000 na tukaiona kazi ni njema. Siku ya nne lori likapita usiku.

Jumatatu tulikuwa mahakamani kwa kesi nyingine, kesi ya mpaka wa shamba. Wakaletwa wamefungwa pingu wawili wawili, watu 19. Hati ya mashtaka ilikuwa moja, yenye maneno yale yale kwa kila jina. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mvulana ambaye kwa macho yetu hakuzidi miaka 13. Kwenye hati aliandikwa ana 18. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba kama tunda. Walisomewa shtaka, wakaulizwa, wakajibu mmoja baada ya mwingine kwamba ni kweli. Tulikuja kujua baadaye kwamba seli waliambiwa anayekubali anakwenda nyumbani. Walitozwa faini, hakuna aliyekuwa nayo, wakapewa mwezi mmoja gerezani, yule mvulana pamoja nao.

Sisi tulikuwa tumeketi kwenye benchi ya mawakili, faili kwapani. Wakili yeyote angeweza kusimama akasema, "Mheshimiwa, mtoto huyu apimwe umri kwanza." Sentensi moja tu. Hatukusimama. Wateja wetu ndio walalamikaji, tukajiambia kwamba kuna mgongano wa maslahi. Mwezi ulipokwisha tulikwenda gerezani kumuulizia, tukaambiwa ameshaachiliwa. Kuachiliwa kwenda wapi, hapakuwa na aliyeandika. Hatukumwona tena katika mji ule, na tulitafuta.

Kufuli ziliendelea kuvunjwa. Hilo nalo tuliseme kwa wale wanaopenda kupima mambo kwa faida: yule aliyekuwa akizivunja hakuwamo katika wale 19. Alikuwa na nyumba.

Tangu siku hiyo tumejizoeza kuuliza swali ambalo hati ya mashtaka haiulizi: mtu huyu alikuwa na kwao wapi, na nani alimtoa? Hapa Gusii jibu hutoka karibu sana. Ardhi yetu imegawanywa hadi imekuwa vipande vya leso. Baba anakufa, mazishi yakiisha, baba wadogo wanapima mpaka upya. Mjane anaambiwa arudi kwao. Watoto wanagawanywa kama mbuzi, na yule mkubwa, mwenye umri wa miaka 11, anayeanza kuuliza shamba la babake liko wapi, ndiye anayepigwa hadi anakimbilia sokoni. Kwenye soko anaitwa chokora. Tukimfuatilia, tunakuta ana ekari moja na nusu iliyopandwa majani chai, na mtu mwingine anachukua bonasi.

Sikilizeni basi sheria inasemaje. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema kwamba mtu yeyote anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya sheria, akaitumia, akaiuza au akaigawa, ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ni kosa la jinai, si ugomvi wa nyumbani. Polisi ana uwezo wa kumkamata baba mdogo. Katika miaka yetu yote ya uwakili tumeona mayatima wengi wakipandishwa kwenye lori la polisi. Baba mdogo aliyepandishwa kwa kifungu cha 45 tunaweza kumhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vitabaki. Yule baba mdogo ana viatu, anamjua chifu, na pengine Jumapili anasoma somo la pili.

Kwa hiyo mtu akituambia polisi watekeleze sheria, tunaitikia kwa moyo wote. Waanze na hiyo.

Tusiwatupie polisi kila kitu, hata hivyo. Konstebo wa kawaida wa Kenya kwa miaka mingi ameishi chumba kimoja na familia ya mwenzake, pazia la shuka katikati; jopo la Jaji Ransley lililochunguza mageuzi ya polisi mwaka 2009 lililitaja suala la makazi yao duni. Tunajua askari aliyetuambia, kwa sauti ya chini, kwamba usiku wa msako yeye huwaza kwamba anayemwamsha kwenye katoni ana nafasi zaidi ya kunyoosha miguu kuliko watoto wake. Hakusema hivyo kwa kejeli. Mkubwa wake anataka idadi ya waliokamatwa, mfanyabiashara anataka baraza safi, mwanasiasa anataka mji upendeze mgeni akija. Amri inashuka hadi inamfikia mtu mwenye kirungu, naye chini yake hakuna mwingine ila aliyelala sakafuni. Polisi hukamata wale ambao jamii imeshawatia sahihi.

Wala dawa si kuwaondoa polisi na kujichukulia hatua. Hapa Gusii tulishaonja dawa hiyo. Sungusungu ilianza kwa maneno matamu ya ulinzi wa vijiji, ikaishia kuwa mahakama ya usiku isiyo na rufani, mpaka Serikali ikaipiga marufuku. Waliokuwa wa kwanza kuumizwa walikuwa wasio na wa kuwatetea.

Mambo yamesogea penginepo, na ni vizuri mjue kwamba hatusemi ndoto. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilifuta sehemu ya sheria ya "wazururaji na walaghai" katika kesi ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akienda kazini. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziafikiani na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuata njia hiyo. Hata Bunge la Uingereza lenyewe, mwaka huo huo wa 2022, lilipiga kura ya kuifuta ile sheria ya mwaka 1824. Aliyetuazima kipande anakitupa. Sisi tumekishika kwa mikono miwili.

Na hapa nyumbani katiba yetu ina meno, ila yanahitaji taya. Ibara ya 28 inampa kila mtu heshima ya utu. Ibara ya 43 inataja haki ya makao yanayofaa. Ibara ya 49 inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Mkijua mstari huu mmoja, mmeshajua jambo ambalo wengi waliomo rumande hawajaambiwa. Ibara ya 53 inasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliyeko mitaani ni mtoto anayehitaji ulinzi na malezi. Afisa wa watoto ndiye mwenye kazi naye. Na Ibara ya 22 inamruhusu mtu au chama chochote kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, na mahakama haitozi ada ya kufungua shauri hilo. Kanisa hili linaweza. Kikundi cha akina mama kinaweza. Hamhitaji kusubiri wakili kutoka mjini, ingawa wakili mnaye, na safari hii hatatoza 3,000.

Hatutawahubiria juu ya aliyezaliwa zizini. Baba Paroko yupo na ni kazi yake. Tunaomba mambo machache tu, ya mikono na miguu.

Barua ya usafi tunataka kuirudisha kwa wenyewe, na mahali pake tumeandika nyingine, fupi. Inaripoti wizi: tarehe, kufuli ya nani, kuku wa nani, na inaomba kila tukio liandikwe katika kitabu cha matukio kituoni na namba yake itolewe kwa mlalamikaji. Mwenye duka lililovunjwa aitie sahihi kwa jina la kosa alilotendewa. Asiyetendewa kosa asitie sahihi.

Tunaomba watu wawili wa kujitolea kila Jumamosi asubuhi, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, waende kituoni kwa adabu, waulize waliokamatwa Ijumaa ni nani na kwa kosa gani, na kama yumo mtoto, wampigie simu afisa wa watoto hapo hapo mbele ya askari wa zamu. Msigombane na mtu. Andikeni saa mliyofika na saa mliyojibiwa. Mkifukuzwa, andikeni hilo pia. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi ipo tangu mwaka 2011 kwa ajili ya karatasi kama hiyo. Tumeona askari wabaya wakiwa wazuri kwa sababu tu mama mmoja wa kanisa alikuwa ameketi kwenye benchi ya mapokezi akifuma kitambaa.

Na tunaomba wazee, hasa nyinyi mnaoitwa kuamua mipaka, mtusaidie kwa lile lililo gumu zaidi. Wale vijana wa sokoni wana majina na wana baba zao waliozikwa mahali fulani. Tumeketi nao mara mbili, jioni, tukinunua chai na mandazi. Kati ya tisa waliokubali kuzungumza, wanne walitutajia kijiji na jina la marehemu baba, na wawili kati ya wanne hao ni wa humu humu Mosocho. Hatutayasoma majina hadharani. Yako katika karatasi hii, na tutamkabidhi mwenyekiti wa wazee baada ya sala ya kufunga. Mmoja wa baba wadogo ametia sahihi kwenye barua ya usafi. Sahihi yake ni ya kumi na saba.

Yule mama mwenye magunia alikataa kuzungumza nasi. Alituuliza kama sisi ni wa lori. Tulipomwambia hapana, akasema basi turudi mchana, usiku haongei na watu wenye suti. Tutarudi Jumanne saa nane. Kama kuna mama wa humu anayemfahamu, au aliyewahi kumpa maji, tungefurahi akiandamana nasi.